Sumu Isikae Chini: Kabati la Jikoni na Watoto wa Wafanyakazi



Wazee walisema mtoto akililia wembe mpe. Maana yake tunaijua. Wembe utamkata kidole, atalia, na kesho hataugusa tena. Amefundishwa na wembe wenyewe. Lakini methali hii ina mpaka wake. Haifai kwa mafuta ya taa, wala kwa dawa ya panya, wala kwa kostiki ya kutengenezea sabuni, wala kwa dawa ya kuulia majani. Vitu hivi havifundishi mtoto. Akikosea mara moja tu, huenda asipate kesho ya kukumbuka kosa lake.

Safari hii nataka tuzungumze habari za kabati la jikoni. Najua wako watakaocheka. Watasema kazi ya chama ni mishahara, masaa ya kazi na watu wanaofukuzwa bila haki. Kabati la mama linahusu nini? Linahusu sana. Kwanza, mtoto anayeumia ni mtoto wa mfanyakazi. Pili, ile chupa iliyomo ndani ya kabati mara nyingi haikuzaliwa jikoni. Ilianza safari yake kazini. Twende taratibu, tutafika huko.

KABATI LETU LILIVYO

Kila anayekaa katika laini za mashamba ya chai au miwa anaijua nyumba yetu. Chumba ni kimoja, pengine viwili. Jiko liko chini ya upenu, au katika kibanda wanachotumia majirani wote. Usiku vyombo vyote huingizwa ndani kwa kuogopa mvua na wezi. Ukutani limesimama kabati, tulilonunua kwa seremala wa kando ya barabara baada ya kuweka akiba miezi kadhaa. Juu lina kioo au waya wa chandarua, chini lina milango miwili ya mbao nyembamba.

Hebu litazame kabati hilo lilivyopangwa. Juu, nyuma ya kioo, ziko sahani za maua, vikombe, bilauri na chupa ya chai. Chini, nyuma ya milango isiyoonyesha kitu, tumeficha vyote vyenye harufu na vyote visivyopendeza: chupa ya mafuta ya taa, jiki ya kufulia, dawa ya panya, kopo la kostiki, dawa ya kunguni, vidonge vilivyobaki mtu alipougua. Mlango umebanwa kwa karatasi iliyokunjwa, kwa sababu komeo halikuwekwa au lilianguka zamani.

Basi sahani, ambazo mtoto akizigusa zitavunjika tu, tumeziweka mahali asipofika. Na sumu tumeiweka sawasawa na pua yake. Tumelipanga kabati kwa macho ya mgeni, hatukulipanga kwa mikono ya mtoto.

Mtoto wa miezi minane hutambaa. Wa mwaka mmoja husimama kwa kushika mlango wa kabati. Wa miaka miwili huufungua. Wa miaka mitatu huvuta kigoda au jerikeni tupu, akapanda juu yake. Na kila anachokipata hukipeleka mdomoni, maana ndivyo mtoto anavyoijua dunia. Huo si utundu wala si njaa. Ni umri wake.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2008 juu ya ajali za watoto, lilieleza kwamba mwaka 2004 watoto na vijana wa chini ya miaka 20 zaidi ya 45,000 walikufa duniani kwa sumu. Na ripoti hiyo hiyo inasema kwamba watoto wa maskini ndio wanaoumia zaidi kuliko watoto wa wenye mali.

CHUPA YA SODA

Kwa nini mtoto anywe mafuta ya taa, ambayo mtu mzima akiyanusa tu hugeuza uso? Jibu liko katika chupa.

Mfanyakazi hanunui mafuta kwa debe. Hununua ya kutosha usiku mmoja au miwili, kwa kadiri ya fedha iliyomo mfukoni. Mwenye duka hupima kwa kikopo na kumimina katika chombo ulichokuja nacho, nacho ni chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mafuta ni meupe kama maji. Mtoto amewaona wakubwa wakinywa kutoka katika chupa ya namna ile ile siku ya sikukuu. Yeye hajui kusoma. Kwake chupa ya soda ina soda, na chupa ya maji ina maji. Nani atamlaumu?

Haya si ya mafuta ya taa peke yake. Iko dawa ya kuulia majani iitwayo parakwati. Haina dawa ya kuitengua, na funda moja la dawa hiyo isiyochanganywa na maji laweza kumwua mtu mzima. Hapo kwanza rangi yake ilikuwa ya kahawia, kama soda ya kola. Watu katika nchi nyingi waliimimina katika chupa za soda, na wengine wakaja wakainywa kwa kudhani ni soda. Ndipo watengenezaji wakatia rangi ya buluu, harufu mbaya na dawa ya kutapisha. Fikirini jambo hili. Makampuni makubwa yenye wataalamu yalikiri kwamba kumwambia mtu asikosee hakutoshi. Ilibidi kitu chenyewe kibadilishwe.

TUACHE KUMLAUMU MAMA

Katika shamba moja la chai, ambalo jina lake naliacha, nilikwenda kukutana na wanachama juu ya habari ya mizani ya majani. Mkutano ulikuwa na watu wachache. Nikaambiwa kwamba siku iliyotangulia mtoto wa mchumaji mmoja, wa miaka miwili, alikunywa mafuta ya taa. Jirani mwema alimpa maziwa, kisha akamtia kidole kooni ili atapike. Mtoto akatapika, na wakati wa kutapika mafuta yakaingia katika mapafu. Usiku ule alianza kuhema mbio mbio. Alilala hospitali siku nyingi. Ashukuriwe Mungu alirudi, lakini alirudi amekonda na kikohozi kikamwandama muda mrefu. Mama yake alikatwa mshahara wa siku zote alizokaa kando ya kitanda.

Pale laini maneno yalikuwa mamoja: mama mzembe. Nyapara alisema hivyo, na wanawake wenzake walisema hivyo, kwa sauti ya chini zaidi. Lakini tuyapime mambo. Mama alikuwa katika majani tangu saa kumi na mbili asubuhi, maana asipofika saa hiyo hapewi kazi ya siku. Mtoto aliachwa na dada yake wa miaka minane, ambaye naye ana maji ya kuchota na maharagwe ya kupika. Shamba lile halikuwa na mahali pa kulelea watoto. Chupa ilikuwa ya soda, imekaa chini kabatini. Mlango ulibanwa kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Hata kama mama yule angekuwa na macho manne, yote manne yalikuwa shambani yanatafuta majani mawili na chipukizi.

Kumwambia mtu wa namna hiyo “uwe mwangalifu” ni sawa na kumwambia mwenye njaa ashibe. Uangalifu huchoka. Komeo halichoki.

Wako watu waliolithibitisha neno hili. Katika mji wa Windsor, jimbo la Ontario nchini Canada, mji wa viwanda vya magari, alikuwako daktari wa watoto aliyeitwa Henri Breault. Alichoshwa na kuwatibu watoto waliomeza vidonge vya wakubwa, mmoja baada ya mwingine, hata usiku wa manane. Akatafuta kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Mwaka 1967 kikapatikana, kimebuniwa na Peter Hedgewick, mwenye kiwanda cha zana katika mji huo huo: kifuniko cha kukandamiza kwa kiganja huku ukikizungusha. Katika eneo la Windsor idadi ya watoto waliopatwa na sumu ilishuka kwa asilimia 91. Mwaka 1974 jimbo la Ontario likafanya vifuniko vya namna hiyo kuwa lazima kwa dawa. Marekani nayo ilikwisha kutunga sheria yake mwaka 1970.

Je, akina mama wa Windsor walikuwa wazembe mwaka mmoja, wakawa waangalifu mwaka uliofuata? La. Walikuwa wale wale, na watoto walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kifuniko.

Na wale wasemao kwamba mambo hayo ni ya nchi tajiri, watazame Afrika Kusini. Huko, katika eneo la Gelukspan, madaktari waligawa bure vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko vya kumshinda mtoto. Taarifa waliyoitoa mwaka 1994 yasema kwamba ajali za watoto kunywa mafuta zilipungua kwa karibu nusu. Hawakugawa dawa ya gharama kubwa. Waligawa chombo na kifuniko.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba kifuniko hicho hakishindwi. Kwa kanuni za Marekani hukubaliwa ikiwa watoto wasiopungua 80 katika kila 100 waliojaribiwa wameshindwa kukifungua kwa dakika 10. Maana yake wako wanaoweza. Kifuniko humchelewesha mtoto mpaka mkubwa atokee. Kwa hiyo kifuniko peke yake hakitoshi, na urefu peke yake hautoshi. Tumia vyote viwili.

FANYA HIVI NYUMBANI

Haya yafuatayo hayahitaji fedha nyingi. Mengine hayahitaji hata senti. Jumapili moja, nyundo na misumari vyatosha.

1. Geuza kabati. Toa sumu yote chini leo hii. Milango ya chini weka sufuria, sahani za bati, mabakuli ya plastiki na mwiko. Mtoto akifungua atapiga ngoma, nawe utamsikia alipo.

2. Tengeneza kisanduku cha sumu. Chukua mbao za sanduku la bidhaa, upigilie ukutani juu kuliko kichwa cha mama. Kiwe na mlango na komeo. Kama huna bawaba, ukanda wa tyubu ya baiskeli uliopigiliwa misumari hufanya kazi ya bawaba. Komeo laweza kuwa kipande cha mti kinachozunguka kwenye msumari. Ukipata kufuli ndogo ni bora zaidi, na ufunguo utundikwe mahali pa juu, usiachwe katika kufuli. Kisanduku kisiwe juu ya jiko, maana mafuta na moto havikai jirani. Kisiwe pia juu ya kitanda au meza, maana hizo ni ngazi za mtoto.

3. Sumu isikae pamoja na chakula. Dawa ya panya na unga wa posho vikiwa rafu moja, siku moja mkono utakosea gizani, tena mkono wa mtu mzima.

4. Milango ya chini ifungwe pia, maana visu, wembe na viberiti navyo vina hatari yake. Kata ukanda wa tyubu, uufanye pete, uivishe kwenye vishikio viwili vya milango ili ivibane pamoja. Mtoto mdogo hana nguvu ya kuivuta. Lakini usitegemee pete ya mpira kufungia sumu. Hiyo ni kazi ya kisanduku cha juu.

5. Funga kabati lenyewe ukutani. Wengi hawalifikirii hili. Mtoto hufungua mlango wa chini, akakanyaga ndani ili apande, na kabati likamwangukia na vioo vyake. Kipande cha chuma kilichopindwa na misumari miwili kitalishika. Kama ukuta ni wa udongo, lifunge kwa waya kwenye nguzo ya nyumba.

6. Usimimine sumu katika chupa ya kinywaji, hata kwa usiku mmoja. Mafuta ya taa yawe na chombo chake kimoja ambacho hakikuwahi kuwa cha kinywaji wala cha dawa ya shamba, chenye kifuniko cha kukaza. Chombo hicho ndicho upeleke dukani. Mzoeshe mwenye duka kukataa chupa za soda. Na anayeweza kununua taa ndogo ya jua aachane na tadooba kabisa. Atakuwa amemtoa adui nyumbani, na moshi juu yake.

7. Dawa za binadamu ni sumu kwa mtoto. Vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki vina rangi na vinateleza kama peremende. Vingi vikimezwa na mtoto vyaweza kumwua. Usimdanganye mtoto kwamba dawa ni peremende ili ameze, kwa sababu atazitafuta siku usipokuwapo.

8. Angalia betri ndogo za duara, kama kifungo cha shati, zilizomo katika vitu vya kuchezea na saa. Ikikwama kooni huanza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu. Zilizokwisha nguvu zisitupwe uani, nazo huunguza.

IKIWA AJALI IMETOKEA

Wengi wetu tulifundishwa mambo ambayo leo madaktari wanayakataa. Basi tuyashike haya.

Usimtapishe mtoto. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi, mayai mabichi wala mkojo. Mafuta ya taa yakirudi juu huingia katika mapafu, na humo ndimo yanamoua mtoto. Kostiki na jiki zikirudi juu huunguza koo mara ya pili. Usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia kwa kudhani yanapoza sumu, wala usimpe limau au siki kwa kudhani vinaua ukali wa kostiki.

Mvue nguo zilizolowa. Osha ngozi kwa maji mengi na sabuni. Ikiwa sumu iliingia machoni, osha macho kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi. Mdomo ufutwe na kusuuzwa kwa maji, kisha ateme. Akiwa hajitambui mlaze ubavu, wala usimtie kitu mdomoni.

Mpeleke kituo cha afya saa ile ile, hata kama anacheka na kucheza. Aliyekunywa mafuta ya taa anaweza kuonekana mzima, kisha kikohozi na kuhema mbio vikaanza baada ya saa kadhaa. Aliyepatwa na dawa za kuulia wadudu angalia jasho jingi, mate kumtoka, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, na misuli kutetemeka. Hapo dakika moja ina thamani. Aliyemeza betri asingojewe mpaka itoke yenyewe.

Chukua chupa au kopo, pamoja na karatasi yake, umpe daktari. Wala usione haya kusema ukweli kwamba ni dawa ya shambani. Daktari hatafuti mwizi, anatafuta jina la sumu.

CHUPA HII IMETOKA WAPI?

Sasa tumefika mahali nilipoahidi. Mafuta ya taa yametoka dukani. Lakini ile dawa ya majani iliyomo katika chupa ya maji, ile dawa ya wadudu tunayonyunyizia kunguni, lile jerikeni zuri la buluu tunalochotea maji, vyote hivyo vimetoka kazini.

Tusifichane. Wapiga dawa huondoka na mabaki kwa sababu wana bustani ya mahindi nyuma ya nyumba, na dukani dawa ni ghali. Wengine hupewa na nyapara mwenyewe, kama zawadi. Na jerikeni tupu huuzwa au hugawiwa, maana jerikeni ni mali. Kisha ovaroli iliyolowa dawa hurudi nyumbani, ikafuliwa katika beseni lile lile la kuogea mtoto. Pampu ya mgongoni nayo hulala chini ya kitanda.

Matokeo ya chombo kimoja tu yalionekana India tarehe 16 Julai 2013. Katika shule ya kijiji cha Gandaman, jimbo la Bihar, watoto walikula chakula cha mchana kilichopikwa kwa mafuta yaliyokuwa na sumu ya kuulia wadudu iitwayo monokrotofosi. Watoto 23 walikufa. Wachunguzi walieleza kwamba mafuta yale yalikuwa yamewekwa katika chombo kilichowahi kuwa na dawa ya wadudu. Maji hayaondoi sumu iliyokwisha ingia katika plastiki. Hakuna jerikeni la dawa linalosafika likawa la maji ya kunywa.

Ndiyo sababu nasema komeo la kwanza haliwekwi katika kabati la mfanyakazi. Huwekwa katika stoo ya mwajiri. Mwenye kuileta sumu shambani ndiye mwenye kuichunga, tangu inapoingia getini mpaka kopo lake tupu linapoondoka.

Wala hili si ombi la kupiga magoti. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kanuni zake juu ya dawa hizi mwaka 1985 na kuzirekebisha baadaye. Zinataka serikali zikataze kumimina dawa katika vyombo vya chakula na vinywaji. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unahusu usalama na afya katika kilimo. Unazungumza juu ya utunzaji wa madawa na juu ya kuondoa makopo matupu ili yasitumiwe kwa kazi nyingine. Na hapa Uganda Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inatambua wawakilishi wa usalama na kamati za usalama mahali pa kazi. Kama shamba lenu halina kamati, hilo ndilo la kuanza nalo.

Kila tawi, linapojiandaa kwa mapatano ya pamoja na mwajiri, liweke mezani madai haya:

(a) Stoo ya dawa yenye kufuli, mbali na nyumba za wafanyakazi, na daftari la kila lita inayotoka na inayorudi. Asiwepo mtu wa kugawa mabaki, awe nyapara au meneja.

(b) Makopo na majerikeni matupu yasuuzwe mara tatu, yatobolewe, yahesabiwe na kuondolewa na mwajiri. Kwa kuwa watu wanatafuta vyombo vya maji, mwajiri atoe majerikeni mapya ya maji. Ukimnyang'anya mtu chombo bila kumpa kingine, kesho atakifuata usiku.

(c) Mahali pa kuogea wapiga dawa na pa kufulia ovaroli pale pale kazini, na kabati la kuacha nguo za kazi na viatu. Vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri bila kukata mshahara.

(d) Kila nyumba ya laini iwe na rafu moja ya juu na kisanduku chenye komeo, kazi ya seremala wa shamba. Shamba linaloweza kutengeneza masanduku ya kubebea mazao haliwezi kushindwa na kisanduku cha ukutani.

(e) Mahali pa kulelea watoto wadogo wakati wazazi wako kazini. Hili ndilo kubwa kuliko yote, maana msichana wa miaka minane si mlezi. Yeye mwenyewe ni mtoto, na mahali pake ni shule.

(f) Gari la kupeleka mgonjwa hospitali usiku na mchana, na mzazi asikatwe mshahara kwa siku anazomwuguza mtoto aliyepatwa na sumu.

Wenzetu wa viwandani wasidhani maneno haya ni ya mashamba tu. Kiwanda cha sabuni kina kostiki. Kiwanda cha ngozi kina madawa yake, na cha nguo kina rangi na jiki kali. Mara ngapi mtu ametoka getini na chupa ndogo kwa ajili ya kufulia nyumbani? Chupa ile haina karatasi wala jina. Ikifika kabatini imekuwa “maji”.

Mwajiri atasema hana fedha. Mwulizeni bei ya bawaba mbili na komeo moja. Kisha mwulizeni ni fedha ngapi shamba hutumia kuyalinda majani ya chai na wadudu kwa msimu mmoja. Kama jani lina mlinzi, mtoto wa mchumaji asikose komeo.

Lakini tusingoje mapatano ndipo tuinuke. Kazi za nyumbani nilizozitaja zaweza kuanza Jumapili hii. Nashauri kila laini ichague watu watatu, mama wawili na fundi mmoja, wapite nyumba baada ya nyumba. Wasiende kama polisi, waende kama majirani. Wapige magoti mlangoni, ili macho yao yawe sawasawa na macho ya mtoto wa miaka miwili, kisha waulize: nikinyoosha mkono kutoka hapa, nitashika nini? Watakachokiona waandike katika daftari. Kilicho cha mwenye nyumba kirekebishwe siku ile ile. Kilicho cha mwajiri, chupa kwa chupa na jerikeni kwa jerikeni, kiletwe katika mkutano wa tawi, tukipeleke kwa meneja kikiwa na tarehe na namba ya nyumba.

Daftari hilo ndilo litakalozungumza kwa ajili yetu tutakapokaa mezani. Umoja wetu ni nguvu, na nguvu hiyo ianze na chupa iliyoko chini ya kabati.